Msala Uliokunjwa

"Hiki cheupe ni utando wa ndani wa kizazi," alisema Salha, mpimaji wa ultrasaundi, akionyesha kwenye skrini. "Kwa umri wako, bibi, ungekuwa mwembamba. Huu umenenepa. Daktari atachukua kinyama kidogo kikapimwe. Damu ilianza lini?"

Bi Mize, mwenye miaka sitini na mitatu, alitazama pembeni. "Tangu Idi ya kuchinja."

"Miezi saba! Hii si hedhi, bibi. Ni damu ya maradhi."

Naye Bi Mize alidhani ujana umemkumbuka. Siku ile alicheka peke yake bafuni, akachana kanga kuukuu kufanya sodo. Akaacha kusali, kama alivyofundwa unyagoni, akaukunja msala wake na kuutundika ukutani. Hakumwambia mtu. Mwanamke hatangazi siku zake.

"Mama," bintiye Maua alinong'ona kando ya kitanda, "niliuona ule msala ukutani, miezi yote hiyo. Niliona haya kukuuliza."

"Na mimi ningeona haya kukujibu, mwanangu."

Walirudi nyumbani. Adhana ya alasiri ilipolia, Bi Mize alitia udhu, akautungua msala, akautandika. Ulikuwa umeshika mikunjo. Aliilaza pembe moja kwa kiganja, ikainuka. Akailaza tena, ikainuka. Maua akaja akapiga magoti, akaikandamiza kwa mikono miwili, na hakuna kati yao aliyethubutu kuiachia.