Onja Wewe Kwanza

Mzee Shemdoe alikitazama kidonge walichopewa na watafiti wa maradhi ya kusahau, kisha akamtazama mkewe, Namkunda, kama mtu baki.

“Kwetu cha mgeni hakiliwi mpaka aonje mwenyewe,” alisema. “Onja wewe kwanza.”

Namkunda alijua kwamba mumewe akikosa dozi tena, angetolewa kwenye utafiti, na dawa nyingine haikuwepo. Akakivunja, akatafuna nusu. Kilikuwa kichungu mpaka machozi yakamlengalenga.

Mzee akamsogezea maji yake. “Pole, mama. Kunywa, mke wangu asije akakukuta unalia nyumbani kwake.”

Namkunda akanywa. Mzee akaifumbata nusu iliyobaki, macho mlangoni, akimngoja mkewe arudi amwambie kama ameze.