Maji ya Pangoni

Mwaka ule mto ulipokauka, maji yalibaki katika pango moja tu, lenye giza na mlango mwembamba. Wanyama walikubaliana waingie mmoja mmoja, kila mmoja apige funda moja kisha atoke. Fisi akawekwa wa mwisho, maana ulafi wake ulijulikana kote.

Aliingia akinung'unika. "Hawa wamekunywa mpaka wakatosheka," alijisemea. "Humu nani angewaona? Nikikuta tope, nitalamba hata hilo tope."

Akainamisha kichwa gizani, akashtuka. Maji yalimfika puani. Wote walikuwa wamemwachia. Kiu ilimkaba, wala hapakuwa na jicho la kumtazama. Akapiga funda moja, akafumba kinywa, akatoka.

Nje alimkuta Swala, aliyechelewa kwa kuwa alikuwa amejifungua asubuhi hiyo.

"Yamebaki?" Swala aliuliza.

"Yamebaki, mama. Ingia taratibu."

Wengine wakaangua kicheko. Swala akaingia, akatoka midomo ikimchuruzika maji, na kicheko kikakatika.

Kesho yake Kakakuona, mpanga zamu, alimwambia Fisi, "Leo tangulia wewe."

Fisi akatangulia, na wote waliomfuata walikunywa.