Shavu la Mama

Siku ya kumi na tisa ya kupooza polepole tanuri la kioo, nikiwa nimeegemeza shavu kwenye mlango wake wenye uvuguvugu, nilisikia sauti ndogo ndani: tik.

"Tofali hilo," alisema Bohumír, mume wangu, bila kuinua macho kutoka kwenye supu yake ya vitunguu saumu.

"Hata mara mbili zilizopita ulisema tofali."

"Basi fungua uone, mama wee!"

Sikufungua. Kichwa cha kioo cha mama, cha kuwekwa kaburini kwake, kilikuwa kimepasuka tena, na kalibu ya jasi huzaa mara moja tu, kisha huvunjwa. Nikavuta ndoo ya udongo, nianze upya.

Pua ilikuja yenyewe. Midomo pia. Kisha, kwenye mashavu, vidole vikagoma. Mwaka mzima nimemchonga ndani ya kalibu, ambamo kulia huwa kushoto. Na picha mama hakukubali kupigwa, kwa sababu ya kovu lake la shavuni.

"Bohumír, kovu la mama lilikuwa kwenye shavu lipi?"

Akaweka kijiko chini. Akagusa shavu lake la kulia, akasita, akagusa la kushoto.