Neno la Chini

Mzee Shamte, mwandishi wa barua pale sokoni, alikuwa na desturi ya kuandika "Wasalaam" chini ya kila karatasi mapema asubuhi, ili aokoe muda. Alipomaliza kumsomea Bi Mize barua ya kumpelekea mumewe, mwanamke akakunja uso.

"Hilo la mwisho sikulisema mimi. Maana yake nini?"

"Ni Kiarabu. Unamtakia amani."

"Lifute."

"Wino haufutiki, bibi! Barua zote huishia hivyo."

"Miaka saba hajui wanawe wanakula nini, nimtakie amani?"

Shamte akasonya, akapekua mkoba. Karatasi tupu hakuna. Bi Mize akaichana barua kwa chini, taratibu, akakifunga kile kipande kwenye pindo la kanga.

"Hiki atakifuata mwenyewe."