Blanketi Juu ya Drams

Mwenye bendi, Bwana Jovin, alitandika blanketi juu ya drams zangu, tena mbele ya watu wa Kariakoo waliokuja kucheza muziki Jumapili mchana.

"Leo wewe jifanye tu unapiga," aliniambia, huku akikipapasa kinanda kipya alichokileta kutoka Dubai. "Hiki kina ngoma zote ndani. Hakilewi, hakinuni, wala hakina shemeji wa kwenda kumzika Moshi."

Nilicheka. Mtu akikutukana kwa utani mtamu, mpe haki yake.

Kinanda kikaanza, tiki-taka, tiki-taka. Fanki yetu, tuliyoichanganya na jazi na afrobiti mpaka watu wakasahau viatu vyao, ikageuka gwaride la shule.

Hasira ikanishuka hadi vidoleni. Nikalivuta blanketi, nikalitupa chini, nikapiga kwa mwendo wangu. Kinanda hakina masikio, kikabaki na mwendo wake. Wachezaji wakasimama, hawajui wafuate upi.

"Kifuateni kinanda!" Jovin akafoka.

Mpiga besi, niliyekula naye sahani moja tangu utoto, aliniangalia. Akainamisha kichwa, akakifuata kinanda.

Basi nikapiga kwa nguvu zaidi, peke yangu.