Dole Gumba Linalochelewa

Mzee Shomvi hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na ukucha kwenye dole gumba la kulia, wala hakuwa na kibali cha kupaza sauti isiyosafishwa. Kila spika ilisafisha sauti na kufuta makosa yake kwa amri ya serikali, na mkewe Siwema, mwenye masikio mazito na macho yasiyoona tena, hakulisikia gitaa la mbao la mumewe bila spika.

Jioni moja Mzee alimpigia kwa spika wimbo wa harusi yao.

"Kijana huyu fundi," Siwema alisema. "Nani?"

"Ni mimi, Mama Tunu," alijibu kupitia spika.

"Muongo! Dole gumba la mume wangu lina miaka arobaini likichelewa. Niitie mwenyewe."

Akapiga tena, akilichelewesha dole kwa makusudi. Spika ikamrekebisha. Siwema akageukia ukutani.

Kesho yake Mzee akaenda kwenye mashine ya kuandikia serikali barua, akaiambia: "Naomba mnirudishie kosa langu, ili mke wangu anijue."

Mashine ikamsomea ilichoandika: "Nashukuru kwa kuniondolea kosa langu. Mke wangu amefurahi."

"Siyo hivyo, bwana! Ngoja!"

Bahasha ilikwisha kufungwa kwa gundi, ikatumwa.