Neti ya Kitalu

Wacera alivua viatu, akaingia kwenye kitalu cha mpunga cha baba mkwe wake na kuanza kung'oa vigingi vilivyoshikilia neti.

Yeye mwenyewe, mhudumu wa afya wa kijiji, ndiye aliyempa mzee neti hiyo aitundike juu ya kitanda cha mjukuu. Asubuhi hiyo alimtoboa mtoto huyo kidole, na kipimo kikaonyesha malaria.

"Wewe! Ndege watamaliza mbegu yangu yote!" mzee alifoka kutoka kwenye tuta. "Ati uliolewa hapa ndio uniharibie shamba?"

Majirani waliokuwa wakizibua mfereji walinyoosha migongo. Hapa Mwea, mke wa mwana hajibizani na baba mkwe mbele ya watu.

"Ndege nitafukuza, baba," Wacera akasema. "Mbu siwezi."

Neti ilitoka nzito kwa matope, mche mmoja umenasa kwenye tundu. Akauchomoa taratibu, akaurudisha udongoni, akaukandamiza kwa kidole gumba.

Kisha akaitupia neti begani, akapita mbele ya mzee, maji yakimchuruzika mgongoni, hadi kitalu cha pili. Nacho kilikuwa kimefunikwa neti.

Akawageukia majirani.

"Na hii ni ya nani?"